Kutoka Pangani Hadi Moshi: Hesabu ya Pwani Tuliyotokea



Kamati ya maadhimisho iliponiomba niandike habari za historia katika kitabu hiki, nilisita. Mimi si mwanachuoni. Nilisoma hadi sekondari, nikaingia dukani, na huko ndiko nilikozeekea. Nimezoea kuandika stakabadhi kuliko insha. Lakini mwaka uliopita nilifanya safari ya pwani, nikazuru mahekalu, vijiji na fukwe ambako wazee wetu walishukia kabla hawajaupanda mlima huu. Safari hiyo ilinifundisha mambo ambayo sikuyapata shuleni, na baadhi yake si ya kujivunia. Nimeona ni vema niyaeleze yote, maana daftari lenye ukurasa mmoja si daftari.

Wazee wetu wa Kigujarati waliandika hesabu katika vitabu vilivyofungwa kwa kitambaa chekundu, viitwavyo chopda. Kila mwaka wakati wa Diwali vitabu hivyo huwekwa mbele ya Mama Lakshmi na kuombewa. Ndani yake kila ukurasa una pande mbili: jama, yaani kilichopokewa, na udhar, yaani kilichotoka na kinachodaiwa. Mfanyabiashara anayesoma upande mmoja tu hujidanganya mwenyewe. Nitajaribu kuisoma historia yetu kwa pande zote mbili.

Sababu ya safari ilikuwa mama yangu. Alizaliwa Pangani, ambako baba yake alikuwa na duka la nguo na mbata, kisha akaolewa huku Moshi. Kabla ya kufariki aliagiza kwamba majivu yake yasipelekwe India. Alisema: "Nipelekeni Pangani. Maji ya mlima huu yanakwenda huko huko." Nilifuatana na mwanangu na jirani yangu wa hapa Pasua, mzee mstaafu wa reli, Mwislamu, mwenyeji wa Muheza. Yeye hunita "tajiri", nami humwamkia shikamoo, kwa kuwa amenizidi umri na ameijua njia ya Tanga kwa miaka mingi kuliko mimi.

Mto na reli

Mama hakukosea. Maji ya mito inayoshuka upande wetu wa Kilimanjaro hukusanyika katika Kikuletwa na Ruvu, yakaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, yakatoka yakiitwa Pangani. Kutoka hapo huambaa milima ya Upare na Usambara, huzungusha mitambo ya umeme Hale, na baada ya safari ya takriban kilomita 500 huingia Bahari ya Hindi. Tangu zamani bonde hilo lilikuwa barabara. Misafara kutoka Pangani ililifuata hadi Uchagani na Umasaini kutafuta pembe za ndovu, na Mangi Rindi wa Moshi, aliyefariki mwaka 1891, alijulikana sana kwa wafanyabiashara wa pwani.

Reli nayo ilifuata bonde hilo hilo. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Pale reli ilipopumzika, duka la Mhindi lilifunguliwa: chumvi, kaniki, mafuta ya taa, majembe. Ndivyo mji wetu ulivyopata maduka yake ya kwanza ya Kihindi, na baada ya maduka ndipo hekalu. Jirani yangu alitutajia stesheni moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu watoto wake. Tulipopita Mombo alisema, "Tajiri, ninyi mlikuja kwa reli hii, na mimi nimelishwa na reli hii. Sote wawili ni watoto wa garimoshi." Aliyasema kwa furaha, kwa sababu garimoshi la abiria lililokuwa limekoma kwa miaka mingi lilirudi Moshi mwezi Desemba 2019.

Tanga na ufukwe wa Ras Kazone

Jioni ya kwanza tuliingia hekaluni Tanga kwa ibada ya arti. Zamani, mama alikuwa akisimulia, usiku wa Navratri wanawake walicheza garba hadi ua ukajaa na wengine wakacheza nje. Sisi tulikuwa watu tisa pamoja na pujari. Taa iliwashwa, kengele ikapigwa, prasad ikagawiwa, na mlinzi wa hekalu, kijana wa Kidigo, alijua kila kitu kinawekwa wapi kuliko sisi wageni. Nililiweka jambo hilo moyoni.

Asubuhi tulikwenda Ras Kazone. Leo vijana huogelea hapo. Lakini mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, lilishushwa katika fukwe hizo kuuteka mji. Walikuwamo Warajputi na Wakashmiri, na kilikuwamo kikosi cha 63 cha Palamcottah, mji ulio kusini kabisa mwa India. Walikuwa wamekaa melini majuma mengi, wagonjwa na wachovu. Jeshi la Wajerumani, ambalo sehemu yake kubwa lilikuwa la askari Waafrika, lilikuwa na watu wapatao 1,000 tu, nalo likawashinda. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia watu wa pande zote mbili, na Waingereza wengine waliamini kwamba hata nyuki walitegwa.

Nilisimama nikawaza: Mhindi kutoka kusini ya mbali na Mnyamwezi kutoka Tabora waliuana mchangani hapo kwa ajili ya ugomvi wa wafalme wa Ulaya. Hakuna kati yao aliyekuwa na duka wala shamba Tanga. Tunapotaja wazee wetu waliofika nchi hii, tuwataje na hawa, ambao wengi wao hawakurudi kwao.

Tongoni

Kilomita chache kusini mwa Tanga, kando ya njia ya Pangani, yapo magofu ya Tongoni. Kuna msikiti wa kale usio na paa, na makaburi zaidi ya ishirini, mengi yakiwa na nguzo za mawe. Hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi kiasi hicho pamoja. Mji huo ulistawi katika karne ya 14 na ya 15. Nyuma ya makaburi ni mikoko, na nyuma ya mikoko ni bahari.

Hapo mwanangu aliniuliza swali ambalo watoto wetu wengi huuliza: "Baba, sisi tulianza kuja lini?" Nilimjibu kwa ninayoyajua. Zaidi ya karne 19 zilizopita baharia mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki, alieleza kwamba majahazi kutoka Gujarat, hasa bandari ya Bharuch, yalileta ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba na sukari hadi bandari za Pembe ya Afrika. Upepo wa kaskazi uliwaleta, upepo wa kusi ukawarudisha. Hadi leo Wahindu wa pwani ya Gujarat huadhimisha Nariyeli Purnima, siku ya mwezi mpevu wa Shravan, kwa kuitupia bahari nazi na kuiomba utulivu kabla ya majahazi kutweka tanga. Mtu wa Pangani anayejua misimu ya kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa maana ya siku hiyo.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi aliyakuta majahazi ya Wahindi yametia nanga. Mreno aliyeandika habari za safari aliwaita Wakristo. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba walikuwa Wahindu. Rubani aliyepatikana Malindi aliwavusha hadi pwani ya Malabar, kusini mwa India, na huko Kozhikode walipelekwa katika hekalu la Kihindu wakapiga magoti na kusali, wakidhani ni kanisa. Walipokuwa wakirejea, mwezi Januari 1499, walikuwa wamepungukiwa sana na mabaharia, wakaichoma meli yao moja, São Rafael, katika maji haya ya Tongoni. Kwa hiyo mahali hapa padogo, penye kasa na mikoko, pamefungamana na mahekalu ya kusini mwa India tangu miaka zaidi ya 500 iliyopita. Jirani yangu alisikiliza, kisha akasema, "Yule aliyesali katika nyumba ya mwenziwe bila kujua, naye Mungu alimsikia." Sikuwa na la kuongeza.

Pangani

Sasa nafika mahali penye hesabu ngumu.

Pangani ni mji mdogo upande wa kaskazini wa mlango wa mto. Ng'ambo ni Bweni, na pantoni huvuka kutwa. Kando ya mto bado upo mtaa wa zamani wa Wahindi: maduka yenye baraza, milango ya nakshi, mingi imeliwa na mchwa, na mapaa kadhaa yameanguka. Tulilitafuta duka la babu kwa maelezo ya mama. Kilichobaki ni ukuta, na mpapai uliootea ndani.

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari kubwa ya pembe. Masultani wa Unguja walikodisha ukusanyaji wa ushuru wa forodha, na kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya 1830 na 1880 waliokodi walikuwa kampuni ya Jairam Shivji, Mabhatia wa Kachchh. Mkuu wao Unguja kwa muda mrefu alikuwa Ladha Damji, aliyefariki mwaka 1871. Katika kila bandari ya Mrima alikuwapo karani wa Kibaniani, ameketi mlangoni pa forodha na daftari mapajani. Mwarabu au Mswahili aliyetaka kwenda bara hakuwa na fedha za nguo, shanga na waya. Alizikopa kwa Mhindi, akarudi baada ya mwaka au miaka miwili na pembe, akalipa kwa faida kubwa. Asiyefanikiwa aliweka rehani shamba au nyumba.

Msafara haukubeba pembe tu. Ulileta na watu. Fedha iliyokopeshwa haikuuliza msafara utarudi na nini, na baadhi ya watu wetu walimiliki watumwa wao wenyewe. Mwaka 1860 konseli wa Uingereza mjini Unguja, Rigby, aliwaachisha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi waliohesabiwa kuwa chini ya Uingereza. Mwaka 1869 mtawala wa Kachchh alilazimika kutoa tangazo kwa raia wake walioko ng'ambo kuhusu biashara hiyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Katika vitabu vingi vya jumuiya zetu nimesoma habari za ushujaa wa wazee waliovuka bahari kwa jahazi, na ni kweli walikuwa mashujaa. Lakini ukurasa huu wa pili huwa mweupe. Hauwezi kubaki mweupe kwa mtu aliyesimama Pangani.

Mwaka 1888 Sultani aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani. Watu wa Pangani waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na vita vikaenea pwani yote. Wahindi wengi walikimbilia Unguja na kuacha mali zao. Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Baadaye reli ilianzia Tanga, wala si Pangani, na biashara ikaufuata mluzi wa garimoshi. Mji uliokuwa mlango wa bara ukabaki na minazi na katani.

Shuleni, hapa Moshi, mwalimu alituuliza maana ya methali "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Darasa zima liligeuka kunitazama. Mwalimu alieleza vizuri kwamba maana yake ni kuwa hata usiyempenda anaweza kuwa na kitu cha kukufaa. Nilirudi nyumbani nikamwuliza baba: kwa nini Baniani ndiye mbaya? Baba hakujibu. Jibu nililipata Pangani, baada ya miaka zaidi ya hamsini.

Tulipokuwa tukiutazama ule ukuta, alitukaribia mzee mmoja wa mtaa. Jirani yangu alimsalimu kwa adabu za kwao, wakaulizana koo, na alipoambiwa mimi ni mjukuu wa nani, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Namkumbuka. Minazi ya babu yangu, ng'ambo ya Bweni, aliichukua yeye." Hakusema kwa hasira. Nilimwambia kwamba ninalo daftari la babu nyumbani Moshi na kwamba nitatazama.

Nimetazama. Katika mwaka wa Samvat 2001, yaani kati ya 1944 na 1945, upande wa udhar, kwa mwandiko wa babu, kuna jina la mtu wa Bweni: doti nne za kaniki, mchele, fedha za mazishi. Chini yake ameandika: minazi ishirini, mavuno yetu hadi deni liishe. Katika enzi ya Mwingereza sheria iliubana mkopo wa Mhindi kwa Mwafrika, na mahakama haikumsaidia mdai kwa urahisi; kwa hiyo watu walikopeshana mali kauli, na mdai aliyeogopa kupoteza alishika mavuno mkononi. Nimefuata kurasa za miaka iliyofuata. Nazi zinaonekana zikipokewa kila msimu. Mstari wa kufunga deni sikuuona. Labda uko katika daftari lililopotea, labda haukuandikwa kamwe.

Nilimpigia simu mzee yule nikamwambia nilichokiona, nikamwuliza anataka nifanye nini. Akanijibu: "Minazi ile ilikwisha zeeka, ikakatwa. Mimi sidai mnazi. Nataka ijulikane tu. Na hili pia lijulikane: mwaka wa njaa, babu yako alitupa mchele na hakuandika." Basi, mzee wangu, leo imejulikana, yote mawili, katika kitabu cha hekalu letu.

Mlango wa mto

Majivu tuliyapeleka alfajiri ya siku ya pili, bahari ilipoanza kupwa ili mto uyachukue. Mwenye ngalawa alikuwa kijana wa Bweni. Hakukubali kuchukua nauli alipojua ni mazishi. Alisema kwao mtu hatozi kwa maiti. Nilimimina majivu pamoja na maua na nazi moja, nikasoma dua zetu. Jirani yangu alikuwa amevua kofia yake ya reli na kuvaa kofia ya sala, akainua mikono akaomba dua za kwake. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, udongo wa kwetu huku bara, na mbele kidogo yakawa ya buluu.

Baadaye kijana huyo alituonyesha upande wa kusini, ufukwe wa Ushongo, na mbele yake baharini kisiwa cha Maziwe. Zamani kisiwa hicho kilikuwa na miti, na kasa wengi walikwenda kutaga. Miti ilikwisha, na mchanga usio na mizizi huchukuliwa na mawimbi. Leo wakati wa maji kujaa kisiwa hufunikwa. Viota vya kasa huhamishiwa ufukweni na wanakijiji, ambao huvilinda hadi vitotoe. Nilivikumbuka tena siku iliyofuata nilipoyafikiria mahekalu yetu ya miji midogo.

Bagamoyo na Unguja

Kutoka Pangani tulirudi Muheza, tukapita Segera na Msata hadi Bagamoyo, kisha Dar es Salaam na boti ya Unguja. Sitaeleza kila kituo; nitataja mambo mawili ya upande wa jama.

La kwanza ni Sewa Haji Paroo. Hakuwa Mhindu; alikuwa Mwismailia wa asili ya Kigujarati, aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1851. Alitajirika kwa misafara ile ile niliyoitaja. Lakini kabla ya kufariki mwaka 1897 alitoa jengo lake Bagamoyo liwe shule, na fedha za hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya wagonjwa wasio Wazungu. Katika hospitali ya Muhimbili jina la Sewahaji bado lipo kwenye wodi. Mgonjwa aliyelala hapo haulizi pembe ziliuzwa kwa nani. Hata hivyo nadhani Sewa Haji alijua, na ndiyo maana alitoa.

La pili nililiona Mji Mkongwe, mtaa wa Hurumzi, ambako kengele ya hekalu la Shiva na Shakti husikika katika kichochoro kimoja na adhana. Wafanyabiashara wa kwanza wa Kihindu waliwaacha wake zao Kachchh, kwa kuwa kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa najisi. Ni katika zama za Sultani Barghash, kati ya 1870 na 1888, ndipo wanawake wa Kihindu walipoanza kuja. Naamini hekalu la kweli lilianza siku hiyo, maana mwanamume peke yake hujenga ghala, na mwanamke alipokuja palijengwa nyumba, jiko, na mahali pa kuwashia taa. Na jiko likafungua mlango kwa jirani: chapati na kachumbari leo ni vya kila nyumba, na hakuna anayeuliza vilitoka wapi.

Lugha nayo iliweka hesabu. Pesa, laki, hundi, bima, doti, debe: maneno haya yalipita kaunta zetu. Lipo na neno bepari. Kwa Kigujarati vepari ni mfanyabiashara tu, cheo cha heshima. Kwa Kiswahili likawa mnyonyaji. Nikiwa kijana neno hilo liliniuma. Sasa naliona kama mstari mwingine wa daftari, ulioandikwa na mkono wa mdaiwa.

Kurudi mlimani

Huku Kilimanjaro wakulima walianzisha chama chao cha kahawa, KNPA, mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933, ili wauze kahawa yao kwa pamoja. Duka la Mhindi lilibaki kuwa mahali pa mahitaji na mkopo. Ukaja uhuru, ukaja Azimio la Arusha mwaka 1967, ikaja sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo makubwa. Wengi wetu waliondoka kwenda Uingereza, Kanada na India. Tuliobaki tulibaki kwa sababu mbalimbali: wengine kwa kukosa nauli, wengine kwa kukosa moyo wa kuondoka. Baba yangu alisema alibaki kwa sababu alikuwa amekopesha watu wengi mno. Alikuwa akicheka, lakini sidhani alikuwa akitania.

Sasa nasema neno langu la mwisho kwa wanachama wenzangu. Katika maadhimisho kama haya tumezoea kuchapisha picha za wafadhili na orodha ya michango. Ni vema. Lakini katika safari yangu niliona kwamba jengo la hekalu halikai kwa michango pekee. Tanga kijana wa Kidigo ndiye anayejua taa inawekwa wapi. Mtoni kijana wa Bweni hakuchukua nauli. Na mzee wa Pangani, ambaye tulimdhulumu au hatukumdhulumu, Mungu ndiye ajuaye, aliweka kumbukumbu zetu vizuri kuliko sisi. Majirani hawa ndio mizizi. Tukiishi nao kama watu wa kaunta tu, yatatupata yaliyokipata kisiwa cha Maziwe.

Kwa hiyo naleta mapendekezo mawili. Kwanza, kila familia yenye chopda za zamani izitoe, zisomwe na vijana wanaojua Kigujarati, na habari zake ziandikwe kwa Kiswahili, jama na udhar, bila kuficha. Nimeanza mimi. Pili, wazee wa Pasua, Njoro na Bomambuzi waliofanya kazi katika maduka yetu, majikoni mwetu na katika reli hii waitwe waeleze wanavyotukumbuka, na maneno yao yahifadhiwe hekaluni pamoja na ya wazee wetu.

Jirani yangu alinisomea rasimu ya makala haya, macho yangu yakiwa mabovu. Alipofika kwenye ile methali alisimama, akasema: "Tajiri, wewe umeeleza ubaya wa Baniani. Umesahau kueleza kiatu." Nikamwambia kiatu kitaelezwa na atakayekivaa. Akacheka, akaendelea kusoma.

Mama yetu Lakshmi aibariki nyumba hii, majirani zake, na maji yanayopita hapa yakienda baharini.